Umezima seva, lakini umeme bado umo: kwa mafundi wapya

Wadogo zangu, kila kundi jipya likitumwa kutoa kadi kwenye seva linakimbilia bisibisi. Tulieni kwanza.

1. Hakikisha mashine ndiyo yenyewe. Washa taa ya buluu ya utambulisho kupitia iDRAC au iLO (kifaa kilicho ndani ya seva cha kuisimamia kwa mbali), kisha zunguka nyuma ya raki uione kwa macho yako. Lebo za karatasi hubanduka na kubandikwa kwingine.

2. Chomoa waya za umeme, zote. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Umetoa amri ya kuzima, feni zimenyamaza, skrini nyeusi, basi mtu anafungua kifuniko na kuivuta kadi. Lakini pawa saplai ingali inalisha ubao mama umeme wa akiba, ule unaoiweka iDRAC hai usiku kucha, na kwenye sloti ya PCIe (tundu la kuchomekea kadi) ipo pini ya volti 3.3 ambayo mara nyingi hubaki na umeme huo. Kadi ikitoka imeinama kidogo, miguso yake ya dhahabu inaweza kuunganisha pini mbili zilizo jirani, na hapo kadi inaungua au sloti inakufa. Na ubao mama ni ghali. Wengine huchomoa waya mmoja wakaridhika, wakati seva nyingi za raki zina pawa saplai mbili na moja inatosha kuibeba mashine nzima. Chomoa zote mbili, bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja ili kapasita (vihifadhi umeme) zimalize kilichobaki, ngoja kila taa ya ubaoni izimike, ndipo uguse kifuniko. Kama ni kadi ya RAID (inayoendesha diski kadhaa kama kundi moja), zima kupitia mfumo endeshi, usishikilie kitufe: data iliyo kwenye kashe (kumbukumbu yake ya muda) lazima ifike diskini kwanza.

3. Vaa mkanda wa mkononi wa kuzuia umeme tuli, klipu yake uibane kwenye chuma cha chesisi kisicho na rangi.

4. Piga picha ya kebo kabla ya kuzichomoa. Kwenye seva za 2U (zinazochukua nafasi mbili za raki) kadi kwa kawaida hukaa kwenye raiza, kibao kidogo chenye sloti kinachochomekwa kwenye ubao mama, kwa hiyo inua raiza nzima wima uiweke mezani. Ukiing'ang'ania kadi ndani ya chesisi utakwaruza ubao. Fungua kibano cha bamba la nyuma, kisha tafuta kilimi cha plastiki mwishoni mwa sloti ya x16. Hujificha chini ya hitisinki (chuma cha kupoza kadi), na mtu akikisahau huongeza nguvu hadi sloti ing'oke. Kibonyeze, shika kadi kwenye kingo zake, vuta ncha zote mbili sawasawa. Usiitikise kulia na kushoto, jamani! Ikitoka, iingize ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli. Juu ya mfuko haina kinga.

5. Ziba tundu kwa bamba tupu, maana hewa ya feni imepangwa kutoka mbele kwenda nyuma na tundu wazi huivuruga.

6. Usiondoke mashine ikiwaka tu. Kadi ikitoka, namba za basi za PCI (njia za data ambazo mfumo hutambulia kadi) zinaweza kusogea, na kwenye Linux kadi ya mtandao iliyokuwa enp4s0 ikaamka ikiwa enp3s0. Mipangilio inatafuta jina la zamani, seva haina IP, na watumiaji wanaanza kupiga simu. Funga mipangilio kwa anwani ya MAC (namba ya kadi ya mtandao yenyewe) kabla ya kuzima, na konsoli ya mbali iwe wazi kwenye laptopu yako mpaka ping (jaribio la kuona kama seva inafikika mtandaoni) ijibu.