Usiitupe Kompyuta, Badilisha Waya Kwanza

SWALI: Fundi, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nina kompyuta ya mezani niliyoinunua mwaka 2010, ina Windows 7 na RAM ya GB 2. Haina Wi-Fi. Miaka yote nimeitumia kuandikia tu. Sasa macho yamechoka na herufi za simu, nataka nisome barua pepe na magazeti kwenye kioo kikubwa. Kijana mmoja aliunganisha simu yangu ya Android na kompyuta kwa waya wa USB, simu ikawa inachaji tu, intaneti haikuja. Akasema mashine imepitwa na wakati, niitupe. Mwingine anashauri ninunue modemu, wa tatu anasema kifaa cha Wi-Fi. Nianzie wapi? Na bando la simu litahimili? (Mwalimu mstaafu)

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Tafadhali usiitupe, na usinunue chochote wiki hii. Kuna mambo mawili hapa ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni intaneti kufika kwenye kompyuta. La pili ni kompyuta kuzimudu kurasa za siku hizi. Huyo kijana alikwama kwenye la kwanza, akatoa hukumu ya la pili.

Alipokwama, mimi ningeanza na waya wenyewe. Waya kamili wa USB una nyuzi nne ndani: nyekundu na nyeusi za umeme, kijani na nyeupe za data. Lakini nyaya nyingi zinazouzwa pamoja na taa, spika ndogo na chaja hafifu zina nyuzi mbili tu, zile za umeme. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Pale karakana nina mmoja niliopasua kwa wembe ili wateja wauone: ganda nene jeupe, zuri kweli, na ndani nyekundu na nyeusi peke yake. Waya huo ulinilia mchana mzima. Nilikuwa nahangaika na kompyuta ya mteja, nimeshaondoa na kurudisha draiva (programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kukitambua kifaa) mara tatu, kabla sijafikiria kuchukua waya mwingine. Nilipobadilisha, kompyuta ikalia palepale na simu ikaonekana. Tangu siku hiyo siigusi programu yoyote kabla ya kubadilisha waya.

Kwa hiyo tafuta waya uliokuja na simu kwenye boksi lake, au ule unaojua umewahi kuhamishia picha. Uchomeke kwenye tundu la nyuma ya kompyuta, si la mbele. Matundu ya nyuma yako kwenye bodi yenyewe. Ya mbele yanafika kwenye bodi kwa kipande cha waya ndani ya kasha, na kwenye mashine za umri huo kipande hicho mara nyingi kimelegea au kimejaa vumbi.

Sasa shika simu. Washa data. Ingia kwenye Mipangilio, sehemu ya mtandao, utafute mahali pa kusambaza intaneti. Utaona njia tatu: kwa Wi-Fi, kwa Bluetooth na kwa USB. Kama menyu yako ni ya Kiingereza, ya USB imeandikwa "USB tethering". Itazame vizuri kabla ya kuigusa. Ikiwa imefifia na haikubali kidole, simu haijaiona kompyuta hata kidogo, na hapo tatizo ni waya au tundu. Ikiwa imekolea, iwashe.

Upande wa kompyuta, Windows 7 huchukua dakika moja au mbili kujipanga. Usitafute alama ya mawimbi ya Wi-Fi pale chini kulia, kwa sababu haitakuja. Kompyuta inaamini umechomeka waya wa mtandao wa kawaida, kwa hiyo alama itakuwa ile ya mtandao wa waya. Wengi huona hakuna mawimbi, wakachomoa, kumbe intaneti ilikuwa imeshafika. Fungua kivinjari, kama Chrome au Firefox, ujaribu.

Windows 7 ikigoma, kuna tiba moja ambayo imenisaidia mara nyingi. Fungua orodha ya vifaa, ile inayoitwa "Device Manager". Utaikuta simu yako ina alama ya njano. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu yake, chagua kusasisha draiva, kisha kataa kutafuta mtandaoni na uchague mwenyewe kutoka kwenye orodha iliyomo ndani ya kompyuta. Nenda kwenye kundi la vifaa vya mtandao, kampuni Microsoft, kisha "Remote NDIS based Internet Sharing Device". Kompyuta itakuonya kwamba haina hakika kama draiva hiyo inafaa. Kubali. Draiva hiyo imo ndani ya Windows 7 tangu mwanzo, isipokuwa mara nyingine haijui kwamba inaitwa. (Wenye iPhone wasihangaike na hatua hii: wao wanahitaji iTunes ya Apple iwe imewekwa kwenye kompyuta ndipo waya ufanye kazi.)

Bando sasa. Simu inajua inatumia data ya kupimwa, kwa hiyo hujizuia: video zinashushwa ubora, programu zinangoja Wi-Fi. Kompyuta haijui hilo. Yenyewe inaona waya, na waya kwake maana yake ni bure. Itafungua kurasa kubwa, itacheza video kwa ubora wa juu, na kila programu iliyomo itaanza kutafuta masasisho yake. Ili upate picha, Netflix wenyewe wanaeleza kuwa saa moja ya video ya ubora wa kawaida hula hadi GB 1, na ya HD hadi GB 3. Barua pepe na magazeti hayafiki hata karibu na hapo, lakini ukurasa wa gazeti wenye video inayoanza yenyewe unaweza kukumalizia bando huku umeenda kuandaa chai. Zima uchezaji wa video wa kujianzia. Kwenye simu weka kikomo cha data, ikate ikifika hapo. Wale wenye Windows 10 na 11 waingie kwenye mipangilio ya mtandao huo wa waya na kuuwekea alama kwamba ni wa kupimwa. Masasisho mengi makubwa yatasubiri.

Kuhusu modemu na kifaa cha Wi-Fi: vyote vinafanya kazi, ila kwa kompyuta ya zamani mimi naamini waya kuliko hewa. Kile kifaa kidogo cha Wi-Fi cha USB kinataka draiva, na vifaa vipya havitengenezewi tena draiva za Windows 7 kwa uhakika. Tena ukikichomeka nyuma kinakaa kati ya ukuta na kasha la chuma, mawimbi yanakifikia kwa shida. Ukikipata cha bure, kitumie kwa waya mfupi wa kurefushia USB ukiweke juu ya meza. Lakini kama baada ya mwezi utaona unaitumia intaneti kila siku na umechoka kuifunga simu kwenye kompyuta, basi kitu cha kununua ni ruta, yaani kifaa cha kugawa intaneti, ndogo inayoingia laini ya simu na yenye tundu la LAN, lile la waya wa mtandao. Unaiweka dirishani penye mtandao mzuri, unavuta waya wa mtandao hadi nyuma ya kompyuta, kwisha. Kompyuta yako ya 2010 ina tundu hilo karibu kwa hakika, na haihitaji kusakinisha kitu. Waya wa aina hiyo unaweza kwenda hadi mita 100, kwa hiyo dirisha lolote la nyumba linafaa.

Limebaki la pili, la kompyuta kuzimudu kurasa za siku hizi, na hapa nitasema wazi kwa sababu nakujali, Mwalimu. Microsoft waliacha kuitunza Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Chrome iliishia toleo la 109 kwa mfumo huo. Kivinjari kilichovumilia zaidi ni Firefox, toleo lake la 115 la usaidizi mrefu, na ndilo ningekuwekea. Kwa kusoma magazeti linafaa. Kwa mambo ya benki na pesa, usitumie kompyuta hiyo ikiwa bado na Windows 7. Endelea na simu, macho yavumilie dakika hizo chache.

Ukitaka kuirudishia kompyuta heshima yake kamili, mwombe mtu akuandalie flashi yenye Linux Mint ya Xfce, mfumo mwepesi wa bure unaoweza kushika nafasi ya Windows. Unaiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote, unatazama kama inakufaa. Kiwango chake cha chini ni RAM ya GB 2, ulichonacho, ingawa wanapendekeza GB 4, kwa hiyo ukipata kipande kingine cha RAM cha aina ileile, ongeza. Na hili litakufurahisha: kwenye Linux ukichomeka simu na kuwasha usambazaji wa USB, intaneti huja yenyewe bila habari ya draiva. Hifadhi maandishi yako ya miaka yote mahali pengine kabla hujaamua kuisakinisha moja kwa moja.

SWALI: Kaka Fundi, nina modemu ya USB ya zamani, juu imeandikwa 7.2 Mbps. Ilinisaidia sana chuoni. Nimeitoa kabatini, nimeweka laini ambayo kwenye simu inafanya kazi vizuri, lakini modemu ama haipati mtandao kabisa au inapata wa polepole mno. Imeharibika? (Aliyetunza modemu)

JIBU: Haijaharibika, dada au kaka. Hiyo 7.2 inanitosha kujua kuwa ni modemu ya 3G. Laini yako kwenye simu inatumia 4G, modemu haiijui 4G. Na kampuni za simu duniani zimekuwa zikizima 3G ili masafa yake yatumike kwa mitandao mipya: Ujerumani mitandao mikubwa ilianza kuzima katikati ya 2021, na Marekani AT&T walizima Februari 2022. Pale 3G ilipozimwa, modemu yako inabaki na 2G, kama ipo, na 2G haiwezi kufungua kurasa za leo kwa mwendo wa kuridhisha.

Kabla hujaiweka pembeni, jaribu mambo mawili. Ihamishie kwenye tundu la nyuma, kwa sababu modemu hizi zinavuta umeme mwingi na tundu la USB 2.0 linatoa miliampia 500 tu. Tundu dhaifu huifanya iwake na kuzimika. Kisha angalia APN (jina la lango la intaneti la kampuni ya simu) kwenye programu yake, kwani huenda bado ina ya kampuni uliyotumia zamani. Ikikataa hapo, ukinunua nyingine hakikisha imeandikwa LTE au 4G, na chagua aina inayofunguka kwenye kivinjari badala ya ile ya kusakinisha programu. Za Huawei za HiLink, kwa mfano, kompyuta huziona kama kadi ya mtandao, na ukiandika 192.168.8.1 unapata ukurasa wake wa mipangilio.

SWALI: Fundi, intaneti imefika kwenye kompyuta yangu ya zamani kupitia simu, na alama inaonyesha imeunganishwa. Lakini kila tovuti ninayofungua inasema muunganisho si salama na kuninyima kuingia. Nimebadilisha kivinjari mara mbili, ni hivyohivyo. Ni virusi? (Msomaji)

JIBU: Tazama saa iliyo pembeni chini. Usiangalie saa na dakika peke yake, soma na mwaka. Nina hakika karibu yote kwamba utakuta uko miaka mingi nyuma.

Kila tovuti salama ina cheti, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani ni mwaka 2009 ikikutana na cheti kilichotolewa mwaka huu inakiona kama hati ambayo siku yake haijafika, inakikataa. Kivinjari kinafanya kazi yake vizuri, ila kimepewa tarehe ya uongo. Usibofye ile njia ya kuendelea hivyohivyo, maana onyo hilo siku nyingine litakuwa la kweli.

Rekebisha tarehe, mwezi, mwaka na ukanda wa saa, funga kivinjari, kifungue tena. Tovuti zitaingia. Kisha zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, usubiri dakika kumi, uwashe. Tarehe ikiwa imerudi nyuma, betri ndogo ya kwenye bodi imekufa. Ni ya duara kama sarafu, kwa kawaida CR2032 ya volti 3, ileile inayotumika kwenye mizani nyingi za jikoni na rimoti za magari. Umeme ukiwa umechomolewa, gusa chuma tupu cha kasha kwanza ili umeme tuli ulio mwilini utoke, bana kile kikucha cha pembeni, betri itachomoza yenyewe. Weka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukiangalia juu kama ya zamani ilivyokuwa. Ukiwasha mara ya kwanza huenda kompyuta ikakuuliza mipangilio yake ya msingi. Weka tarehe hapohapo, hifadhi, utoke.