Barua kwa Mwanangu: Babu Mzaa Mama

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema umesoma habari za ukoo wa Fujiwara, waliokuwa wakiweka wafalme na kuwaondoa huko Japani karibu miaka mia mbili, na kuna jambo moja limekukaa kichwani: kama nguvu zote walikuwa nazo, kwa nini hawakukikalia kiti wenyewe? Ukaongeza, "Mama, wewe si uliwahi kufika huko, niambie." Haya. Nilikwenda kozi ya wakunga, wala si ya historia, lakini swali lako ni la wakunga hasa.

Tuanze na kiti. Tangu mwaka 794 mji mkuu ulikuwa Heian-kyō, ndiyo Kyoto ya leo, na watu waliamini mfalme ni mzao wa Amaterasu, mungu jua. Cheo hicho hakipatikani kwa upanga wala kwa mali. Ama umezaliwa humo, ama hukuzaliwa. Fujiwara hawakuzaliwa humo, lakini binti zao waliweza kuzaa humo.

Ndoa zao zilikuwa hivi: mume ndiye aendaye kwa mke, na watoto hukulia kwa akina mama yao. Mke wa mfalme akiwa mjamzito alitolewa ikulu akajifungulie kwao, maana uzazi ulihesabiwa unajisi. Sasa fikiri. Mfalme wa kesho anafumbua macho nyumbani kwa nani? Kwa babu mzaa mama. Anatambaa kwenye sakafu ya nani? Na akitawazwa bado meno ya utoto yanamdondoka, nani atamsemea?

Mwaka 858 Seiwa alitawazwa ana miaka 8. Babu yake mzaa mama, Fujiwara no Yoshifusa, akapewa rasmi mwaka 866 cheo cha sesshō, yaani wasii wa mfalme mtoto. Kabla yake hakuna mtu asiye wa damu ya kifalme aliyekishika. Mototsune, mpwa wake aliyemlea kama mwana, akaongeza cha pili, kampaku: hata mfalme akiwa mtu mzima, mambo yampitie huyu kwanza. Kwa hiyo mtoto akikua mlezi haondoki, anabadilisha jina la cheo tu. Na mfalme akianza kuwa na akili yake, anabembelezwa ajiuzulu, aje mtoto mwingine. Mwenye haya yote akitafute kiti cha nini? Kwenye kiti kuna ibada na miiko asubuhi hadi jioni. Babu analala kwake.

Wapinzani wa nje waliwamaliza mapema. Msomi Sugawara no Michizane alipopanda mno walimsukumia Dazaifu, kusini mbali, mwaka 901, akafia huko baada ya miaka miwili. Radi ilipopiga ikulu mwaka 930 wakasema ni mzimu wake. Leo ni mungu wa elimu, na wanafunzi humwomba kabla ya mitihani.

Baada ya hapo waliobaki ni wao kwa wao. Siri ya wajukuu ndugu wote wanaijua, na kila ndugu ana binti. Kanemichi na mdogo wake Kaneie walichukiana vibaya sana. Inasimuliwa kwamba mwaka 977 Kanemichi alikuwa kitandani mahututi, akasikia msafara wa gari la mdogo wake unakaribia. Akafurahi, akaamuru chumba kitengenezwe: kumbe ananijali. Gari likapita moja kwa moja hadi ikulu, Kaneie akaombe cheo cha kaka ambaye hajafa. Mgonjwa akaamka, akavalishwa, akaenda ikulu akishikiliwa huku na huku, akamwachia ukampaku binamu yao na kumshusha mdogo wake cheo. Muda si mrefu akafa. Nimekaa na wagonjwa wengi wa mwisho, na hasira ya aina hiyo naijua. Humnyanyua mtu ambaye dawa imeshindwa kumnyanyua.

Kaneie hakuwa mtu wa kukata tamaa. Mwaka 986 mwanawe Michikane alimshawishi mfalme Kazan, kijana wa miaka kumi na kitu aliyekuwa akimlilia mkewe aliyekufa, watoroke usiku wakawe watawa pamoja. Kazan akanyolewa. Michikane akasema ngoja nikamuage baba kwanza, na hakurudi. Kesho yake mfalme alikuwa Ichijō, mjukuu wa Kaneie, wa miaka 6.

Chini ya Ichijō ndipo ilipo sehemu inayoniuma. Mke wake wa kwanza, Teishi, alikuwa mjukuu wa Kaneie, na walipendana kweli. Mwaka 995, wakati wa maradhi ya kuambukiza, baba yake alikufa, na ami yake Michikane akafuata siku chache tu baada ya kupewa ukampaku. Wakabaki kaka yake, Korechika, na ami mwingine, Michinaga. Korechika akajimaliza mwenyewe mwaka uliofuata: alidhani Kazan, yule yule mtawa wa usiku, anamwendea mwanamke wake, watu wake wakarusha mshale, ukatoboa mkono wa vazi la mfalme mstaafu. Kumbe Kazan alikuwa akimwendea dada wa yule mwanamke. Korechika akafukuzwa mjini. Teishi akakata nywele, ndiyo kuutwaa utawa, lakini mumewe akamrudisha.

Mwaka 999 Michinaga akamwingiza ikulu binti yake, Shōshi, mtoto wa miaka kumi na moja. Siku ile ile Shōshi alipopewa cheo cha mke, Teishi alimzaa mwana wa kwanza wa mfalme. Mwaka uliofuata Michinaga akahakikisha binti yake naye anaitwa malkia, wakawa malkia wawili kwa mfalme mmoja. Mwanzoni mwa 1001 Teishi alijifungua mtoto wa tatu, akafa. Inasimuliwa kondo la nyuma halikutoka. Nilipolisikia hilo niliweka kikombe cha chai chini.

Shōshi alizaa mwaka 1008, nyumbani kwa baba yake. Murasaki Shikibu, aliyemhudumia, aliyaandika: chumba chote kimetandikwa meupe, watawa wanapaza dua, leba inapita siku nzima na zaidi. Akaja mwana. Siku moja kichanga kikamkojolea Michinaga. Yeye akavua vazi, akalikausha kwenye moto, akasema kulowanishwa na mkojo huu ni raha. Babu yeyote angefurahi, lakini huyu alikuwa akikausha serikali.

Mwaka 1011 mwana wa Teishi, mkubwa, akarukwa, urithi akapewa mwana wa Shōshi. Shōshi, aliyemlea yule yatima, alimkasirikia baba yake waziwazi. Huyo mwanamke nampenda. Mwaka 1016 mwanawe akawa mfalme, na mwaka 1018 Michinaga alikuwa na binti watatu wenye cheo cha malkia kwa wakati mmoja. Kwenye karamu akatunga shairi kwamba dunia ni yake, kama mwezi mpevu usiopungua kitu. Aliyetuhifadhia shairi hilo ni Sanesuke, Fujiwara mwenzake, aliyeandika kwenye shajara kwamba hakulijibu. Alishauri tu waliimbe wote.

Mwana wa Michinaga, Yorimichi, alishika usukani miaka hamsini. Akawapeleka binti ikulu, nduguye pia akapeleka. Wafalme wakaoa, ila hakuna mtoto wa kiume aliyepona. Mwaka 1068 akatawazwa Go-Sanjō, mwanamume wa miaka zaidi ya 30 ambaye mama yake alikuwa binti wa mfalme. Babu mzaa mama hakuwa Fujiwara, na hilo halikuwa limetokea kwa miaka kama 170. Mwanawe, Shirakawa, alijiuzulu mwaka 1086, akaendelea kutawala kutoka nyuma kama baba. Vyeo vya Fujiwara vikabaki, nguvu ikahamia upande wa kuumeni.

Ile sarafu ya shaba ya yeni 10 niliyokuletea, uliyokuwa ukiigongesha mezani hadi baba yako akaficha, jengo lililo juu yake ni Byōdō-in, pale Uji. Yorimichi ndiye aliyelijenga mwaka 1053, akiwa bado anamngoja mjukuu. Iko kwenye droo ya cherehani, ukija utaikuta.

Mama yako