Kigango kimefikaje sebuleni Marekani?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni Mgiriama wa Kilifi, pwani ya Kenya, niko Marekani kitambo sasa, nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani kwao. Juzi nimepelekwa nyumba mpya, kuingia tu sebuleni nakuta kigango! Kimesimamishwa kwenye stendi ya chuma na kitaa kinakimulika, huku chini pale panapofukiwa pamekatwa na msumeno. Mwenye nyumba anasema ni sanaa ya Afrika, alinunua zamani kwenye galari. Babu alitukanya kigango hakiguswi. Hiki kimefikaje huku, na nifanye nini bila kujiharibia kazi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole, najua hapo moyo ulikupasuka.

Kwa msomaji wa bara asiyejua, kigango ni nguzo ya mti mgumu usioliwa na mchwa, kichwa cha mviringo, mwili umechongwa pembetatu pembetatu kuanzia juu hadi chini, na huchongewa mzee wa Gohu akishafariki, yaani chama cha wale wazee wenye heshima zao katika jamii. Kawaida marehemu mwenyewe ndo anamjia mtu wa nyumbani ndotoni anadai asimamishiwe, basi familia inaita mchongaji, inachinjwa kuku, anamwagiwa tembo la mnazi, anafungwa vitambaa. Nasema anafungwa maana pale ni mzee yupo, si ubao.

Sasa wizi uliingia hivi. Familia ikihama kutafuta shamba lenye rutuba, kigango hakihamishwi, kinabaki palepale kilipofukiwa mwanzo. Utalii ulipopamba moto pwani miaka ya sabini na themanini, vijana wakawa wanang'oa usiku wanawapelekea wenye maduka ya vinyago kwa hela ya kula siku mbili tatu, na huko Marekani kinauzwa maelfu ya dola. Na wafanyabiashara wakapata la kusema, eti vilikuwa vimetelekezwa porini! Hii kauli inaniuma sana, kwani kaburi la babu yako likibaki kwenye shamba la zamani ndo mtu aje alichukue?

Lakini vinarudi. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa na vigango viwili vya nduguze, muda si mrefu vikaibiwa vyote viwili. Miaka mingi baadaye kimoja kikaonekana chuo kikuu cha Illinois State na kingine chuo cha Hampton kule Virginia, na ile picha ndo ikafunga mjadala, vikarudishwa na mwaka 2007 cha kwanza kikapokelewa kijijini kwa ngoma. Makumbusho ya Denver nayo ilirudisha 30, ya jimbo la Illinois ikarudisha 37 mwaka 2023. Shida ya hivi vingi ni kwamba waliovinunua hawakuandika vimetoka boma gani, kwa hiyo vimefika Kenya lakini havijafika nyumbani, na kwangu mimi safari hiyo bado haijaisha mpaka familia ipatikane.

Kwa hiyo wewe usigombane na mtu. Zoeana naye kwanza, kisha muombe ruhusa upige picha, mbele, nyuma, na ile sehemu iliyokatwa, muulize alinunua wapi na mwaka gani, kama ana risiti ndo bora zaidi. Tuma Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ofisi yao ya Fort Jesus Mombasa inawajua wazee wa kaya, yaani walinzi wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Wengi walionunua hawakujua, na wakielezwa kwa upole wapo wanaotoa kwa hiari. Halafu piga simu nyumbani waambie vijana wavipige picha vile vilivyosimama bado, leo hii, waandike na jina la marehemu.

SWALI: Shangazi, ni kweli yule dainosa mkubwa wa Berlin ametoka kwetu Lindi?

JIBU: Kweli kabisa, katoka kilima cha Tendaguru, huko huko Lindi. Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Majimaji, na mifupa zaidi ya tani 200 ikabebwa na watu wetu kichwani na mabegani kwa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Aliyesimama kwenye ukumbi wa makumbusho ya Berlin ana kimo kinachozidi mita 13. Mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, jina ambalo watoto wa Lindi wangepaswa kulijua kama wanavyojua majina ya wachezaji mpira. Wengine wanataka mifupa irudi yote, wengine wanasema haiwezi kusafiri. Mimi naanzia karibu: wajenge makumbusho Lindi penyewe, iwekwe nakala kamili ya yule mnyama pamoja na mifupa halisi ile inayoweza kusafirishwa, na majina ya wachimbaji na wapagazi yaliyomo kwenye nyaraka za Berlin yaletwe yabandikwe ukutani, maana wajukuu zao wapo.

Ukiwa na mzee anayesimulia habari za Tendaguru, mrekodi utuletee, tutachapa.