Jukwaa la Iran na mkono wa serikali: majibu kwa wasomaji

*Kabla ya kumbi kujengwa, Wairani waliigiza wapi?*

Majumbani pia. Nyumba nyingi za zamani zilikuwa na bwawa dogo katikati ya ua. Siku ya harusi bwawa lilifunikwa kwa mbao, likatandikwa zulia, na hapo ndipo wachekeshaji walipocheza. Kipenzi cha watazamaji alikuwa mtumwa aliyepakwa masizi usoni, anayemjibu bwana wake bila woga. Sisi watu wa pwani hatuwezi kuipita sura hiyo hivi hivi: Waafrika waliuzwa utumwani hadi Iran kupitia Ghuba.

*Serikali iliingiaje?*

Kwa kujenga na kwa kufunga. Naser al-Din Shah (shah ni mfalme) alijenga Tehran jumba kubwa, Tekyeh Dowlat, kwa ajili ya ta'zieh, maigizo ya kuuawa kwa Imamu Hussein huko Karbala. Miaka ya 1930 Reza Shah akayapiga marufuku maigizo hayo.

*Kumbi za watu binafsi zilistawi lini?*

Miaka ya 1940, Mtaa wa Lalehzar mjini Tehran, baada ya Reza Shah kuondolewa mwaka 1941 na udhibiti kulegea. Kwangu mimi, hakuna mwongozaji aliyemzidi Abdolhossein Noushin, aliyesomea fani hii Ufaransa na kuanzisha Ukumbi wa Ferdowsi mwaka 1947. Alikuwa mkomunisti wa chama cha Tudeh. Shah mpya alipopigwa risasi mwaka 1949 akanusurika, chama kilipigwa marufuku na Noushin akafungwa. Alitoroka gerezani mwaka uliofuata, na alifia Moscow mwaka 1971. Wenzake, akiwemo mkewe, mwigizaji Loreta, waliendelea katika Ukumbi wa Saadi. Tarehe 19 Agosti 1953, siku Waziri Mkuu Mosaddegh alipopinduliwa, ukumbi huo ulichomwa moto. Inaniuma hadi leo, maana kazi ya miaka ile haikupata mrithi wa kiwango chake Lalehzar. Siku hizi mtaa huo unajulikana kwa maduka ya taa na vifaa vya umeme.

*Leo mtu anaweza kufungua ukumbi wake?*

Anaweza, na tangu miaka ya 2010 Tehran imepata nyingi. Lakini kila mchezo unahitaji kibali cha Wizara ya Utamaduni na Mwongozo wa Kiislamu. Andiko husomwa kwanza, kisha wakaguzi huutazama mchezo kabla ya umma. Mwanamke hutakiwa kufunika nywele, na mwanamume hamgusi. Gharama zote ni juu ya kikundi na mwenye ukumbi, ndiyo maana wengi huwaita nyota wa filamu ili tiketi ziuzike.