Baba, talaka na watoto: majibu ya wiki hii

Akina baba wengi wananiandikia swali lile lile kwa maneno tofauti: tukiachana, watoto wanakwenda kwa nani? Nimechagua barua nne. Majibu yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar wana utaratibu wao.

Mwanangu ana miaka minne. Mke wangu anasema sheria inampa yeye mpaka afike saba, kisha nikamchukue. Ni kweli? (Baba, Mbagala)

Nusu kweli. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinachukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka saba ni vyema akae na mama. Lakini dhana hiyo inapingika. Ukionyesha kwamba mama anamtesa mtoto au amemtelekeza, hakimu anaweza kukupa wewe hata wa miaka miwili.

Kinachowaponza wengi ni hiyo saba yenyewe. Hakuna mahali sheria iliposema mtoto akifika saba anahamia kwa baba. Dhana ya mama inaondoka, basi; mnabaki sawa mbele ya hakimu, naye anapima ustawi wa mtoto: amezoea wapi, anasoma wapi, mwenyewe anasemaje kama ameshapata akili ya kujieleza. Na kama amri ilishatoka, lazima uombe ibadilishwe. Baba aliyejificha miaka mitatu akisubiri tarehe ifike hukuta mtoto anamwamkia kama mgeni.

Nilitoa ng'ombe za mahari, na kwetu watoto ni wa ukoo wa baba. Wazee wanasema nikawachukue tu shuleni. (Tarime)

Usithubutu, ndugu yangu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumwondoa mtoto isivyo halali kwa anayekaa naye kihalali, na hakimu atakayesikia ulimvizia getini hatakuonea huruma. Mila hazikutupwa, kifungu kile kile cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinazitaja. Ila zinakuja nyuma ya ustawi wa mtoto. Wazee waje kama mashahidi kama wanajua watoto wanavyoishi. Hesabu ya ng'ombe waiache nyumbani.

Mimi ni bodaboda, mke wangu ana mshahara wa serikali. Nina nafasi kweli? (Dodoma)

Unayo. Kipato kinaangaliwa, ila si peke yake. Mahakama inaweza kumwagiza afisa ustawi wa jamii aandike ripoti ya hali ya familia. Jiandae kuulizwa mtoto atalala wapi, na nani atamwandalia uji ukitoka alfajiri kuwahi abiria. Uwe na jibu lenye jina la mtu, si "tutajipanga".

Kusanya kadi ya kliniki, risiti za shule, miamala ya simu ya pesa za matumizi. Jirani aliyekuona ukimpeleka mtoto hospitali usiku ana thamani kuliko shemeji kumi. Nimesoma hati za madai zilizojaa meseji za mchepuko mwanzo mwisho, jina la mwalimu wa mtoto halimo. Hasira naielewa, lakini hakimu anatafuta mlezi.

Mama amepewa watoto na hataki niwaone. Nikisimamisha matunzo si atalainika? (Mwanza)

Hapana. Kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa kinakubana kuwatunza watoto popote walipo, hata wakiwa kwa mama yao. Ukisimamisha, unampa silaha. Endelea kutuma kwa njia inayoacha kumbukumbu, kisha peleka maombi ya haki ya kuwaona. Usiombe "kuwaona mara kwa mara". Maneno hayo yanazaa ugomvi mpya kila wiki. Omba Jumamosi fulani, saa fulani mpaka saa fulani, sehemu ya likizo ya Juni na Desemba, na mahali pa kuwakabidhi. Amri ikiwa wazi hivyo na bado anawaficha, unarudi mahakamani ukiwa na cha kushika mkononi.

Kwa ambao bado hamjafungua shauri la talaka: pitieni kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa na sheria. Likishindwa kuwapatanisha litawapa hati, na madai ya talaka yafunguliwe ndani ya miezi sita tangu itolewe.