Baba yuko ziwani usiku: tutasali pamoja lini?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Kibirizi, Kigoma. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, hivyo usiku yuko ziwani na mchana amelala. Paroko wetu ametuhimiza kusali nyumbani kila jioni na kuvifuata vipindi vya mwaka wa Kanisa kama familia. Nilianza na rozari ya kila usiku. Siku ya nne watoto walikuwa wanasinzia, na siku ya tisa niliacha. Kwaresima iliyopita mama mkwe alimlazimisha mwanangu wa miaka tisa afunge kula, jambo lililoleta ugomvi kati yake na mume wangu. Je, kuishi imani nyumbani kunawezekana kwetu, au ni kwa wenye mishahara na ratiba?

JIBU: Milele, amina. Mama, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, ulipoiita familia kanisa la nyumbani, mwaka 1964, haukuweka sharti kwamba baba awe anarudi kazini saa kumi alasiri. Ninadhani ulichokosea ni kuleta ratiba ya nyumba nyingine na kuilazimisha ikae kwenye yako, ilhali nyumba yenu tayari ina kalenda inayotii mwezi, nayo kalenda hiyo iko karibu na ile ya Kanisa kuliko unavyofikiri.

Pasaka huadhimishwa Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake, ndiyo maana huhamahama kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili. Mwaka 2025 mwezi ulikuwa mpevu Jumapili ya Matawi yenyewe, tarehe 13 Aprili. Mwaka 2026 ni Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili. Sasa jiulize mumeo huwa wapi wakati wa mbalamwezi, taa inapokosa nguvu ya kuwavuta dagaa na nyavu zikabaki zimeanikwa. Yuko nyumbani! Juma Kuu, yaani juma la kuelekea Pasaka, ambalo kwa mfanyakazi wa ofisini ni la kuombea ruhusa, kwenu huja na baba mlangoni. Alhamisi Kuu jioni, baada ya Misa, tokeni uani mwonyeshe watoto mwezi, na baba awaambie kwamba Bwana alisali Gethsemane wakati wa Pasaka ya Wayahudi, ambayo nayo hufuata mwezi mpevu, kwa hiyo usiku ule mbingu ilikuwa na mwezi kama huo. Sala fupi hapo inatosha, na sidhani kama kuna mtoto atakayesinzia.

Ninashauri basi mgawanye mwezi kama ulivyogawanyika wenyewe. Siku za mbalamwezi salini pamoja, baba akiongoza, hata kama ni fungu moja tu la rozari. Siku za giza, sala yenu iwe ile ya kumsindikiza: kabla hajaondoka kwenda mwaloni, kwenye mitumbwi ya wavuvi, kila mtoto amwekee ishara ya msalaba kwenye paji la uso. Ni jambo la dakika moja, ila ziwa likichafuka usiku watoto watajua wanamwombea nani.

Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Noeli, huanza kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, mvua zikiwa zimeshika na mbegu zikiwa ardhini. Usihangaike kutafuta taji la majani na mishumaa minne. Desturi hiyo ilizaliwa Ujerumani, ambako majani mabichi wakati wa baridi ni kitu cha kutamanika, ilhali huku kila kitu ni kijani. Ninyi mna taa ya baba. Misa ya usiku wa Noeli husomwa Isaya sura ya 9, juu ya watu waliotembea katika giza wakaona nuru kuu, na katika nyumba yenu mwenye haki ya kulifafanua somo hilo ni mtu anayeingia gizani kila siku akiwa amebeba taa. Mwachie alieleze kwa maneno yake. Wewe na mimi tusikilize.

Matawi hayahitaji maelezo mengi kwa mkoa wenye michikichi. Yale yaliyobarikiwa yachomekeni juu ya mlango, kisha kabla ya Jumatano ya Majivu inayofuata watoto wenyewe wayarudishe parokiani yachomwe, ili wakipakwa majivu wajue yametoka wapi.

Kuhusu mama mkwe, mweleze kwa heshima, na ikiwezekana mumeo ndiye azungumze na mama yake, kwamba sheria ya Kanisa inawabana kufunga wenye umri wa miaka 18 hadi 59, na kujinyima nyama kuanzia miaka 14. Mtoto wa miaka tisa hafungi kwa amri. Anaweza kuacha kwa hiari kitu anachokipenda, na bibi ndiye anayefaa kumsaidia akichague, kwa maana nia yake ilikuwa njema. Ila Ijumaa mkiacha nyama halafu mkaketi kwenye migebuka, wale samaki wa ziwani, ya kuchoma na ugali wa muhogo, msijidanganye kwamba mmejinyima; huko Kibirizi labda ingefaa siku hiyo kula maharage, na ule mgebuka upelekwe kwa mgonjwa wa jumuiya yenu.