Ruzuku ya mbolea: usiandikishe namba ya mtu mwingine

Mama, usirudishe hiyo fomu Ijumaa. Umeuliza kama karatasi ya chefu wa kijiji inatosha na kama uchukue mbegu chotara au ya kienyeji, halafu katikati ukapitisha hili kama jambo dogo: mtu wa ushirika amewaambia wote muandike namba yake ya simu, maana huko njia ya Kasenga, Katanga ya Kongo, mtandao unasumbua. Hilo ndilo kubwa, hayo mengine yasubiri.

Sisi wa upande wa Kipushi tuliambiwa maneno hayo hayo. Kijana mpole, daftari kwapani, anajua majina ya watoto wa kila nyumba. Ruzuku yenyewe haikuwa pesa mkononi. Mpango unalipa sehemu, mkulima anaongeza yake, kisha namba ya siri inaingia kwenye simu. Ukiipeleka kwa muuzaji aliyeteuliwa unapewa NPK (mbolea ya kupandia), urea (ya kukuzia) na mbegu. Sasa namba za siri za kijiji kizima ziliingia kwenye simu moja, na mbolea yetu ikachukuliwa. Tulikuwa tumekwisha kutoa sehemu yetu, wengine kwa kuuza mbuzi, na mvua ya Novemba imeshika. Ofisini karani akageuza kompyuta tuione: jina langu, na mbele yake “amehudumiwa”. Eti mashine imeshafunga. Yule kijana ni mwizi, sawa. Lakini waliopokea orodha yenye namba moja inayojirudia ukurasa mzima, wakaigonga muhuri bila kuuliza, hao wananiuma zaidi. Wanalipwa kulinda fungu la mkulima!

Mahindi yalipofika magotini, majani ya chini yakaanza umanjano nchani, ukashuka katikati ya jani kama herufi V, kisha yakakauka. Ni upungufu wa azoti (nitrojeni). Wakati huo ndio urea ilitakiwa iwe shambani. Tulivuna magunzi mafupi, mengine nusu hayana punje. Na mahindi ya mvua kwetu Katanga yana msimu mmoja. Ukiukosa, unga utanunua ule unaopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa bei watakayotaka wauzaji.

Namba iwe yako, kwenye laini iliyoandikishwa kwa kadi yako ya kupiga kura. Si ya mume, si ya mtoto aliyeko Lubumbashi, si ya rais wa ushirika hata kama mnasali pamoja. Laini za barabarani zilizokwisha kuandikishwa usiziguse. Nenda duka la kampuni na kadi mkononi. Majina yako matatu yafuate kadi, herufi kwa herufi, maana wengi wetu huandika mawili na kuliacha la tatu. Kisha mwombe jirani aanze kukutumia franga kidogo kwa simu: kabla hajathibitisha, simu yake itamwonyesha jina la mwenye namba. Likitokea jina jingine, fomu isiende popote.

Mtandao kusumbua si sababu. Ujumbe hungoja kwa muda, ukifika mahali penye mtandao unaingia. Wakisema bila namba yao hawakuandiki, wadai waliandike hilo kwenye karatasi na kutia sahihi, uipeleke kwa agronomi (bwana shamba) wa teritwari, yaani wilaya yenu. Na fomu uipige picha pande zote mbili kabla haijatoka mkononi mwako.